Mkanda wa taimingi: ufungwe kwa wakala rasmi au kwa fundi wa mtaani?

Wengi mmezoea nikiandika habari za kantangaze, ukungu wa nyanya na mbolea ya kukuzia. Leo naomba tuongee kuhusu gari. Najua kuna atakayesema bwana shamba ameacha kazi yake, lakini nyanya isiyofika sokoni haina tofauti na nyanya iliyoliwa na wadudu, na mwaka jana nimeona kikundi kizima kikirudi nyuma msimu mmoja kwa sababu ya kipande cha mpira chenye meno.

Kikundi chenyewe kiko bondeni, upande wa Ruaha Mbuyuni. Walinunua Hilux ya mkononi, injini 5L ya dizeli, kwa ajili ya kupandisha nyanya Iringa mjini. Ilipofika wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi walifanya kikao, nami nilialikwa. Fundi aliwaambia mkanda peke yake na ufundi ni shilingi 90,000. Mtu mmoja aliuliza kuhusu tenshena, ile puli ndogo inayokaza mkanda. Fundi akasema bado nzima. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, nikasema hela iliyobaki iende kwenye dawa. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, siyasingizii.

Gari ilitembea kilomita 31,000 tu. Siku moja, imebeba matenga 24, ikiwa katikati ya mlima Kitonga, injini ikazima ghafla bila hata kuunguruma vibaya kwanza. Mnaopajua Kitonga mnajua maana ya kuzimikiwa pale: malori mbele, malori nyuma, utingo anakimbia kukata matawi ya kuweka barabarani. Beringi ya tenshena ilikuwa imekauka na kukwama, mkanda ukaungua na kukatika. Mkanda wenyewe ulikuwa bado mpya.

Hasara yake ilikuwa hivi. Kuvuta gari, 250,000. Kufungua silinda hedi, kununua valvu, gasketi, kazi ya mashine, mkanda na tenshena mpya, pamoja na ufundi, 1,640,000. Nyanya ziliuzwa kesho yake kwa 9,000 kwa tenga badala ya 22,000, kwa hiyo hapo zilipotea 312,000. Jumla 2,202,000, na sijahesabu wiki tatu za kukodi gari la mtu mwingine.

Baada ya hapo kikundi cha jirani, nao wana Hilux ya 5L, waliona taa ya T-BELT imewaka kwenye dashibodi. Wakaniita. Safari hii nilisema sitoi ushauri mpaka nimeuliza bei sehemu mbili na kuelewa kila mstari ulioandikwa. Haya ninayoandika yametoka kwenye kazi ile.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe. Mkanda wa taimingi, au taimingi belti kama mafundi wanavyouita, uko mbele ya injini ndani ya kifuniko. Unaunganisha krenki iliyo chini na kamshafti iliyo juu, na kwa injini kama 5L unazungusha pia pampu ya kusukumia dizeli. Kazi yake ni kuhakikisha valvu zinafunguka na kufunga kwa mpangilio, pistoni ikija juu ikute valvu imeshaondoka njiani. Mkanda ukikatika kamshafti inasimama, ila pistoni bado zinapanda kwa nguvu ya mwendo wa gari, zinagonga valvu zilizobaki wazi. Kwenye gari la kikundi cha kwanza valvu sita kati ya nane zilipinda. Mkanda huu haulii kama mkanda wa feni, wala haukuonyeshi dalili.

Sio kila gari linao. Kabla hujaenda kuuliza bei popote, jua injini yako. Hilux na Hiace za zamani za dizeli, yaani 2L, 3L na 5L, zinao. Hilux na Hiace za D-4D zenye injini ya 1KD au 2KD zinao. Land Cruiser ya 1HZ inao, Land Rover ya Tdi inao, na Noah ile ya zamani yenye injini ya 3S inao. Ila IST yenye injini ya 1NZ au 2NZ inatumia cheni, Hilux mpya za injini ya GD zinatumia cheni, na trekta zetu za Massey Ferguson zenye injini ya Perkins, kama 240 na 290, zinatumia gia. Mwenye trekta hiyo akiambiwa na fundi abadilishe mkanda wa taimingi, atafute fundi mwingine. Hiyo Noah ya 3S ya petroli ina nafuu yake: mkanda ukikatika kwa kawaida injini inazima tu, valvu hazigusani na pistoni. Kwa dizeli usitegemee huruma hiyo.

Kwa 5L na 1HZ za zamani taa ya T-BELT huwaka ikifika kilomita 100,000. D-4D kitabu chake kinaweza kukupa kilomita nyingi zaidi, kisome. Kwa gari la shambani mimi nasema usisubiri taa. Gari letu linapanda mlima na tani nzima mgongoni, linakula vumbi, na linaunguruma sokoni saa nzima bila kuongeza hata kilomita moja. 80,000 inatosha. Na kama gari limetoka Japani likiwa limetumika, usiamini kilomita za kwenye saa yake, wala usiamini kwamba taa haijawaka. Kuna wanaochomoa kitaa chenyewe. Ukinunua gari ya namna hiyo, badilisha mkanda mwezi ule ule, uanze kuhesabu upya.

Sasa tuje kwenye bei.

Wakala rasmi yuko Dar es Salaam. Nilituma namba ya chesisi wakanirudishia karatasi safi kabisa iliyopigwa chapa: mkanda 145,000, tenshena 190,000, springi yake 25,000, sili za mbele za kamshafti na krenki 60,000, pampu ya maji 340,000, kulanti 60,000, mikanda ya nje ya feni na alteneta 90,000, na ufundi wa saa tano kwa 70,000 kila saa, yaani 350,000. Jumla 1,260,000. Chini ya hapo VAT asilimia 18, ikawa 1,486,800.

Fundi wa Iringa, mwenye gereji yake nyuma ya yadi ya mbao, hakuwa na karatasi. Aliniambia kwa mdomo nikaandika mwenyewe: mkanda wa Kijapani 65,000, tenshena 80,000, sili 20,000, pampu ya maji 150,000 kama itahitajika, kulanti 40,000, mikanda ya nje 45,000, nauli ya spea kwa basi kutoka Kariakoo 20,000, ufundi 100,000. Jumla 520,000. Springi alisema ya zamani inatosha.

Ukisoma juu juu utasema wakala anakuibia, karibu milioni moja ya tofauti. Taratibu. Angalia hiyo pampu ya maji. Kwenye 5L pampu haizungushwi na mkanda wa taimingi, inazungushwa na mikanda ya nje. (Kwenye ile Noah ya 3S inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo pale kuibadilisha pamoja ni busara tupu.) Wakala aliiweka kwa sababu hajaliona gari na anataka likitoka kwake lisirudi. Fundi aliiweka kwa masharti kwa sababu anajua mfuko wetu. Dereva wa kikundi alikumbuka kwamba pampu ilibadilishwa mwaka uliotangulia, haivuji na haichezi. Tukaitoa pande zote mbili. Wakala akashuka hadi 1,085,600 pamoja na VAT, fundi akashuka hadi 370,000. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tunalinganisha kitu na kitu chenzake.

Mnajua ninavyowaambia kuhusu mbegu: usiulize mfuko ni shilingi ngapi kabla hujauliza ndani kuna nini. Yule fundi wa 90,000 wa kikundi cha kwanza alikuwa na bei nzuri kweli, ila kilichouzwa kilikuwa nusu ya kazi. Wangelipa 280,000 zaidi tu wapate kazi kamili.

Tofauti iliyobaki imegawanyika hivi. Sehemu ni VAT, ambayo fundi wa mtaani hakuiweka. Sehemu ni saa: wakala anahesabu saa tano kwa bei ya mjini, ana jengo la kulipia, ana mafundi wa mshahara, ana mashine ambazo 5L haina hata haja nazo. Fundi wetu anamaliza kazi hiyo kwa saa nne na analipwa kwa kazi. Sehemu kubwa zaidi ni spea. Wakala anafunga zenye jina la mtengenezaji wa gari peke yake. Fundi anafunga za makampuni ya spea.

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, tukae kidogo. Spea isiyo na jina la Toyota kwenye boksi sio lazima iwe feki. Kiwanda cha magari hakitengenezi kila kitu chenyewe. Aisin kwa mfano ni kampuni ya kundi la Toyota, inatengeneza pampu za maji, na unaweza kuinunua pampu yake kwenye boksi la Aisin kwa bei ndogo. Mikanda ya Mitsuboshi, Bando au Gates, beringi za Koyo, NSK au NTN, hizo ni kampuni za kuaminika. Tatizo ni kwamba maboksi yao nayo yanaigwa. Kwenye mfuko wa mbegu unakwangua lebo ya TOSCI unapata jibu. Kwenye mkanda hakuna lebo ya kukwangua. Kwa hiyo kinachokulinda ni duka. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti ya EFD, na ambaye mwezi ujao utamkuta pale pale. Maandishi ya mkanda mzuri yamechapwa safi mgongoni, na meno yote yanafanana. Beringi izungushe kwa kidole sikioni, isikwaruze. Mkanda wa 25,000 unaoning'inia kwenye msumari juani mlangoni kwa duka, mwachie mwenye duka.

Upande wa safari usiusahau. Kutoka Iringa kwenda Dar ni karibu kilomita 500. Kwenda na kurudi Hilux ya 5L inakunywa kama lita 100 za dizeli, weka na chakula, malazi ya dereva, na siku tatu ambazo gari halijabeba kitu. Na kuna jambo lingine ambalo mwenyekiti alilisema kabla sijalifikiria: taa imeshawaka, unateremka Kitonga na mkanda huo huo unaoogopa utakatika? Mwenye gari aliyepo Dar hesabu yake ni tofauti kabisa na ya kwetu, na sioni aibu kumwambia aende kwa wakala kama hela ipo.

Wapo wengine ambao ningewaambia waende kwa wakala hata wakiwa mbali. Gari ambalo bado lina waranti, usilipeleke kokote pengine, utapoteza waranti kwa kuokoa laki tano. Gari la mradi au la halmashauri linalohitaji kumbukumbu za kila huduma, vile vile. Na kama mjini kwenu hakuna fundi ambaye ameshafunga injini ya aina yako mara nyingi, usimfanye awe anajifunzia kwako.

Tulivyoyaweka haya mezani kwenye kikao, wanachama wengi waliegemea 370,000. Ndipo mweka hazina, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akauliza: "Bwana shamba, huyu wa Iringa akikosea ukakatika tena, nani analipa?"

Sikuwa na jibu. Karatasi ya wakala ilikuwa na mstari mdogo chini: kazi ina dhamana ya miezi sita au kilomita 10,000, kipi kitangulie. Kumbe sehemu ya ile bei ni hiyo. Ukilipa kwa wakala unanunua pia mtu wa kumrudia. Fundi wa mtaani naye anaweza kuwa mtu wa kurudiwa, ila lazima mkubaliane kabla, sio siku gari liko kwenye mlima.

Basi tulifanya hivi. Mkanda, tenshena na springi vilinunuliwa dirisha la spea la wakala kwa namba ya chesisi. Wanauza hata kama hufungi kwao, wengi hawajui hilo. Vitatu hivyo ni 360,000, na VAT vikawa 424,800, vikaja kwa basi. Sili, mikanda ya nje, kulanti, nauli ya mzigo na ufundi vilibaki kwa fundi, 225,000. Jumla 649,800. Ni 279,800 zaidi ya bei ya fundi peke yake, na ni 435,800 chini ya wakala kabla hujaweka dizeli ya safari. Wapo wanaosema hapo tulizidisha, kwamba mkanda mzuri wa Kijapani ungetosha. Inawezekana. Lakini vitu vile vitatu ndivyo vinavyobeba injini nzima, na mimi nilishatikisa kichwa mara moja nikawakosesha wenzao milioni mbili.

Kisha tukaandikiana na fundi ukurasa mmoja wa daftari: spea gani imefungwa na imetoka wapi, kilomita za siku hiyo, tarehe, na kwamba mkanda ukiruka meno au kuachia ndani ya miezi sita kwa kosa la ufungaji yeye atagharamia ufundi na nusu ya spea. Alisoma, akacheka, akasema hakuna mteja aliyewahi kumletea kitu kama hicho. Akasaini. Fundi asiyejiamini angekataa, na kukataa kwake kungekuwa jibu tosha.

Siku ya kazi nenda mwenyewe au mtume dereva mwenye macho. Usikae kule kwenye kahawa. Angalia kama fundi ana pula ya kuvutia puli ya krenki. Akianza kuigonga kwa nyundo mwambie asimame. Mkanda mpya usikunjwe wala usiguswe na oili. Kama mkanda wa zamani umelowa oili, sili inavuja, na ukifunga mpya bila kubadili sili umetupa hela. Kuna alama tatu za kulinganisha kwenye 5L: ya kamshafti, ya pampu ya dizeli na ya krenki. Mwombe akuonyeshe zote tatu zikiwa zimekaa sawa, zipige picha kwa simu. Kabla ya kuwasha injini, azungushe krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, halafu alama ziangaliwe tena. Ikikwama wakati anazungusha asilazimishe, maana pale bado hakuna kilichoharibika. Anayekimbilia kupiga stata kwanza ndiye anayepinda valvu za watu. Na spea za zamani wakupe urudi nazo, zote, hata sili.

Yule wa Iringa alifanya yote hayo bila kuambiwa, isipokuwa kupiga picha. Tenshena ya zamani aliyoitoa niliizungusha kwa kidole, ikakwaruza kama kahawa inayosagwa. Mkanda uliotoka nao ulikuwa bado unaonekana mzuri tu kwa macho.

Taa ya T-BELT tuliirudisha sifuri, maana haijizimi yenyewe hata ukifunga mkanda wa dhahabu. Magari mengine yana kitufe, mengine kuna skrubu ya kuhamisha nyuma ya saa ya spidi, fundi anajua. Dereva aliandika kilomita kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha mkanda, na ile karatasi ya daftari mweka hazina ameiweka kwenye sanduku moja na vitabu vya hisa. Gari linapanda Kitonga mara tatu kwa wiki msimu huu. Tenshena ya zamani iko juu ya meza yangu ofisini, akija mtu kuniuliza bei ya mkanda nampa aizungushe kwanza.